Mjadala: Timu ya Jiji inunue wachezaji viungo wenye majina au iwape dakika za kucheza madogo wetu wa Dodoma?

Mbukwenyi wadau. Nimeona niilete hii ishu hapa maana vijiweni kila siku tunabishana Simba na Yanga mpaka jua linazama, halafu hii ya kwetu inapita hivihivi, dirisha la usajili likifunguliwa ndo tunashtuka kuna mtu kasajiliwa, hatujui katokea wapi wala kawazidi nini vijana wa hapa. Swali langu ni moja tu. Dodoma Jiji ni timu ya halmashauri, yaani nyuma yake kuna ushuru wa soko na leseni za biashara za watu wa hapahapa, sasa timu ya namna hiyo kazi yake ni kununua viungo waliokwisha zunguka klabu kibao au kuwapa nafasi viungo chipukizi wa mkoa huu? Na siwasemi Dodoma peke yao, KMC ni ya Kinondoni na Mbeya City ni ya jiji la Mbeya, swali ni lilelile. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: wapewe dakika, tena iandikwe kabisa kwenye utaratibu wa timu, isiwe huruma ya kocha.

Nasema viungo makusudi. Winga kijana hana shida sana kupata nafasi, kocha anamuingiza dakika ya 70 timu ikiwa inaongoza, anakimbia, anapiga krosi zake mbili, akipoteza mpira kule pembeni kuna beki wa kumfichia. Kiungo akipoteza mpira katikati ya uwanja ni shambulizi moja kwa moja, mabeki wako wamefunguka, na likiingia goli kila mtu jukwaani anajua limetokana na nani. Ndo maana kocha yeyote anayeogopa kufukuzwa ataweka mtu wa miaka 31 pale kati hata kama mtu mwenyewe hatembei. Simlaumu, ila matokeo yake ni kwamba hiyo ndo nafasi ambayo kijana anaisubiri miaka mingi kuliko nyingine zote, na ndo nafasi ambayo mtu hakomai kwa mazoezi, anakomaa kwa mechi tu.

Huku kwetu Nkuhungu kuna dogo mmoja, jina silitaji maana bado yuko shule, anacheza namba sita, yaani kiungo mkabaji. Mwaka jana ukimuangalia unaona ana mguu mzuri lakini kila akipokea mpira anapokea akiwa ameupa mgongo uwanja, kwa hiyo pasi yake ni moja, nyuma kwa beki, na akibanwa anapiga popote. Watu walishaanza kusema huyu basi, ni wa kukaba tu. Mwalimu wao akafanya uamuzi ambao wazazi wengine hata hawakuupenda, akaanza kumpanga kwenye ndondo, zile mechi za mtaani, na watu wazima, na akikosea hamtoi. Anapigwa vikumbo, anaanguka, anapokonywa, mwalimu anamwambia kaa hapohapo omba mpira tena.

Sasa nendeni mkamuangalie leo. Mpira bado uko kwa beki wa kushoto yeye shingo imeshageuka mara mbili, kulia, kushoto, anajua nani yuko nyuma yake. Juzi kwenye vumbi lile na upepo wetu huu wa kiangazi, kapigiwa pasi nzito, mshambuliaji wao anakuja kwa kasi mgongoni, dogo hakuugusa kabisa, kauacha mpira upite mbele ya mwili wake kwenda mguu wa mbali, jamaa kapita na upepo, dogo tayari anaangalia goli la wapinzani na pasi ya chini imeshaenda kwa winga. Haikuwa goli wala nini, krosi ilitoka nje. Lakini waliocheza mpira walinyanyuka, maana kile kitu hakifundishwi kwa koni, kinatokana na kukabwa na watu wazima kila wikiendi mpaka unazoea.

Na hayuko peke yake. Pembeni yake kuna namba nane mwenye mapafu ya ajabu, anakaba kwenye boksi letu na sekunde chache mbele yuko kwenye boksi lao, tatizo lake ni kwamba akifika kule anapiga kabla hajatulia. Na yuko namba kumi wa mguu wa kushoto, mwili mdogo, huyu bado sana kwenye kukaba lakini pasi zake za kupenyeza mabeki hawazioni zikija. Viungo watatu, aina tatu tofauti, rika moja, mtaa mmoja. Ukienda Kondoa au Mpwapwa wakati wa mchujo wa UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, utakuta wengine, nina uhakika na hilo. Sasa hawa miaka mitatu ijayo watakuwa wapi? Wakibahatika watakuwa Dar kwenye benchi la timu fulani, wasipobahatika bodaboda.

Tuangalie waliofanikiwa walipitia wapi. Himid Mao na Mudathir Yahya wamekulia Azam pale Chamazi, na walipewa ligi wakiwa wadogo. Novatus Dismas naye katokea humohumo, kaenda Israeli, kaenda Ubelgiji, na msimu wa 2023/24 akacheza Ligi ya Mabingwa Ulaya na Shakhtar Donetsk. Feisal Salum aliletwa Yanga mwaka 2018 akitokea Zanzibar, kijana wa miaka 20, akapangwa, akakosea, akapangwa tena, na msimu wa 2023/24 akiwa Azam kafunga magoli 19 ya ligi, kazidiwa na Aziz Ki peke yake aliyefunga 21. Na Mtibwa pale Manungu, timu ya kiwanda cha sukari, mwaka 2016 Simba ilichukua watatu kwa mpigo, Shiza Kichuya, Mohamed Ibrahim na Muzamiru Yassin, na Muzamiru ni kiungo aliyekaa Simba miaka na miaka. Hawa wote kuna sehemu waliruhusiwa kukosea kwenye mechi ya kweli. Sisi sehemu hiyo hatuna.

Kuna watu watasema hela ya halmashauri isiingie kwenye kulea vipaji kwa sababu siyo kazi yake. Jamani, sheria yenyewe inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa ajili ya mikopo ya vikundi, 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kwa hiyo kuwekeza kwa kijana siyo jambo geni kwa madiwani wetu, wameshalikubali. Sisemi hela za mikopo zihamishiwe kwenye mpira, hapana, nasema kama timu tayari ipo na bajeti tayari inatumika, basi sehemu ya ile hela imnufaishe kijana wa hapa na siyo dalali wa wachezaji.

Halafu hata kibiashara ina maana kubwa, na hili naona viongozi wengi hawalisemi. Kanuni za FIFA za uhamisho zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ile hela inagawiwa klabu zote zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kuanzia 12 mpaka 15 kila mwaka una asilimia 5 ya lile fungu, kuanzia 16 mpaka 23 kila mwaka asilimia 10. Tuseme dogo kauzwa bilioni 1, fungu ni milioni 50, klabu iliyokuwa naye kuanzia 16 mpaka 19 inachukua milioni 20, na akiuzwa tena mbele huko na klabu nyingine kabisa inachukua tena. Hiyo bado hujaweka fidia ya malezi ambayo ni kitu kingine. Ila sharti awe amesajiliwa rasmi kwenye klabu yenu kwenye mfumo wa usajili, na hapo ndo tunapopigwa, kijana anacheza mchangani mpaka 19 hana usajili wowote, anakuja mtu anamchukua bure, na historia ya malezi inaanzia kule.

Pendekezo langu ni hili, lipigeni mawe. Ligi ina timu 16, mechi 30. Viungo watatu wa kati kwa mechi 30 ni dakika 8,100. Zitengwe 1,500 tu kwa viungo chini ya miaka 21, wagawane wawili au watatu, haifiki hata moja ya tano. Na wasiingizwe dakika ya 88 ili mradi, waanze mechi.

Karibuni.

*

Narudi maana hoja zimekuwa nyingi, nijibu zile nzito.

Kuna ndugu kasema nikiwapa watoto namba sita nitashusha timu, na kanipa mfano wa Mtibwa haohao niliowasifia, kwamba walilea vijana na 2024 wakashuka daraja. Ni kweli walishuka. Ila kaka umeishia katikati, msimu uliofuata walichukua Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, wakarudi. Na hofu ya kushuka naielewa kabisa, mimi mwenyewe uwanja wa Jamhuri nakaa jukwaani na najua timu mbili za mwisho zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaenda mchujo, pointi tatu tu zinaweza kukutoa salama zikakutupa huko. Kupanda tulipanda kwa jasho, tunacheza Ligi Kuu tangu 2020/21, hakuna anayetaka kurudi chini. Ndo maana nikasema dakika 1,500 na siyo zote. Unampanga dogo mechi ya nyumbani na timu ya katikati ya msimamo, pembeni yake unaweka mkubwa mmoja anayeongea, humpeleki uwanja wa Mkapa kukaba Simba siku ya kwanza. Halafu niulize, hizo misimu tulizohangaika chini kwenye msimamo tulikuwa tunapanga watoto? Wakongwe walikuwepo na presha ilikuwepo vilevile.

Mwingine kasema maproo, yaani wachezaji wa kigeni, ndo wameinua ligi, na mimi nachukia wageni. Siwachukii hata kidogo. Yanga kwenda fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika 2023 na Simba kwenda 2025, wageni wana mchango mkubwa pale, na kijana kufanya mazoezi na mtu kama Khalid Aucho, yule kiungo Mganda, ni darasa tosha. Kanuni inaruhusu mpaka wageni 12 kwa klabu, sawa. Lakini Simba na Yanga wanagombania Afrika, wanahitaji mtu aliyeiva leo. Sisi tunagombania nafasi ya kubaki na nafasi ya nane, na mgeni tunayeweza kumlipa mara nyingi siyo yule wa kufundisha mtu. Akiletwa mkabaji mmoja wa kweli ambaye dogo atajifunza kwake nitampigia makofi wa kwanza.

Kuhusu umri wa kudanganya, hilo tatizo lipo, sitabisha. Vyeti vya kuzaliwa na kumbukumbu za shule ya msingi vikaguliwe, anayebainika atolewe.

Dada mmoja kauliza mbona naongea wavulana tu wakati waliotuletea heshima ni wasichana. Dada yangu uko sahihi mia kwa mia na inatakiwa isemwe kwa sauti: mwaka 2023 kule Durban wasichana wa Fountain Gate ya hapahapa Dodoma walikuwa mabingwa wa Afrika wa mashindano ya shule ya CAF. Wa Afrika! Na wale hawakununuliwa kutoka popote wakiwa wameiva, walikaa pamoja shuleni, wakafundishwa na kucheza pamoja. Mimi naona huo ndo ushahidi mkubwa kuliko yote niliyoandika juu, kwamba hapa Dodoma ukimpa mtoto sehemu ya kucheza na mtu wa kumfundisha anafika. Na kama utaratibu wa dakika ukiandikwa, uandikwe kwa timu zote mbili, wanaume na wanawake.

Na yule aliyesema hawa madogo wangu nawasifia kwa sababu ni wa mtaani kwangu, njoo Jumapili saa kumi uwanjani uangalie mwenyewe. Usifuate mpira, muangalie namba sita tu, mpira ukiwa mbali naye angalia shingo. Ukiona hafai rudi uandike hapa kwa nini, ueleze alichokosea, nitakusoma.

Mwenye diwani anayefahamiana naye amuulize swali hili kabla ya bajeti ijayo ya timu haijapita: kati ya hela ya usajili iliyotumika msimu huu, ngapi imeenda kwa mchezaji aliye chini ya miaka 21? Jibu mtuletee hapa.