Tupeane uzoefu: Jikoni kwenu mliishi vipi?

SufuriaNyeusi: Leo nimepita mkahawa mmoja hapa Malindi, namsikia mpishi mkuu akimporomoshea kijana matusi hadi wateja wanageuka. Nimekumbuka mbali. Mliofanya kazi za hoteli, wapi mlikaa kwa amani?

BintiShela: Amani ndiyo nini 😂

Kaskazi: Mimi nilikuwa weita kwa Mtaliano mmoja, jina naliacha. Desemba, meza zimejaa mpaka barazani. Sahani ya kamba wa nazi ikarudi, mgeni anasema wamepoa. Mpishi akaivurumisha ukutani, mchuzi ukamrukia dada wa vyombo shingoni. Akajimwagia maji, akaendelea kusugua. Sote kimya, macho chini. Mwisho wa mwezi sahani ikakatwa kwenye mshahara wa yule dada! Ati vyombo ni vyake.

MamaChapo: Astaghfirullah.

PwaniDamu: Hilo ni kosa. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19: unakatwa kwa hasara uliyoisababisha makusudi, tena kwa kiasi. Na makato yote yakijumlishwa yasizidi theluthi mbili za mshahara.

Kaskazi: Kaka, alikuwa kibarua. Hana hata karatasi.

PwaniDamu: Kibarua akifanya kazi mfululizo mwezi mzima, sheria inamhesabu mwajiriwa wa mwezi. Aende ofisi ya leba.

KijikoChaMbao: Aende, kesho yake asirudi kazini. Na jiko si mahali pa kubembelezana, moto haungoji mtu.

BintiShela: Kumbe mrusha sahani tunaye humu!

Kaskazi: Mnaouliza, shingo ilipona. Kazi aliacha.

Mkunguni: Lamu nilifanya kwa mama mmoja. Kabla ya kufungua tunakula sinia moja, yeye na sisi. Bahashishi zote kwenye kopo la maziwa, zinahesabiwa mbele ya watu, muosha vyombo naye anapata. Kusi likivuma na wageni wakikatika, alitufungulia daftari la mauzo, tukapangana zamu badala ya wengine kufukuzwa. Akikosea mtu anaitwa pembeni, kule kwenye mapipa ya maji. Watu hawakuwa wakihama pale.

TrayMkononi: Yote sawa, lakini bahashishi ni ya weita. Mimi ndiye niliyechekea wageni.

Mkunguni: Ungewachekea na sahani chafu?

MamaChapo: Gaweni nusu kwa nusu. Au kila mtu na mfuko wake, yaishe.

KijikoChaMbao: Na mpishi je?

TrayMkononi: Mpishi mshahara wake mara mbili ya wangu!

KijikoChaMbao: Njoo ushike mwiko basi.