Mrejesho: "fast" ni kivumishi au kielezi?

Niliuliza kwa nini kamusi inaliita neno la Kiingereza "fast" kivumishi na pia kielezi. Asanteni sana, ule ushauri wa kutazama kazi ya neno ndani ya sentensi ndio uliofungua fundo. Katika "a fast car" linaeleza nomino; katika "she runs fast" linaeleza kitenzi, na umbo halibadiliki.

Aliyeonya kwamba si kila neno linaloishia na "-ly" ni kielezi alisema kweli. "Friendly" ni kivumishi. Tena "he works hard" ni kwamba anafanya kazi kwa bidii, ilhali "he hardly works" ni kwamba hafanyi kazi ila kidogo mno! Hapo ndipo wengi hukosea.

Kwa kulinganisha na "fast", "walk" ni rahisi, kwani "a" na "-ed" huonyesha kazi yake: "a walk" nomino, "walked" kitenzi.