Tupeane uzoefu: Uliyeunga kompyuta ya gemu ukiwa Mwanza, kifaa gani kilikuliza?

JIWE LA KANDO (mleta mada)

Mwangaluka wakuu.

Nina milioni moja na laki sita na orodha ya vifaa niliyoibadilisha mara tisa. Nikilala naiona imekamilika, nikiamka kuna video ya dakika kumi imeshaniharibia. Kabla sijatuma hela Kariakoo, naomba walionitangulia waje na visa vyao. Sihitaji "chukua hiki acha kile". Nataka kujua ulinunua nini, kikafanya nini, ukalia kiasi gani.

Naanza mimi msije mkasema nawachimba tu. Mwaka jana niliona mazabodi (ule ubao mkuu unaobeba vifaa vyote) ya soketi ya AM5, yaani tundu la prosesa, imeshushwa bei, nikasema riziki hiyo. Ramu nilikuwa nazo, mbili za 8GB, kizazi cha DDR4, nimezitoa kwenye mashine ya zamani. Mzigo ukafika, nikafungua mezani kwa heshima zote, nikaweka ramu kwenye tundu. Haikai. Nikaigeuza, haikai. Nikaisukuma kwa vidole gumba viwili, kitu kikalia "krr", nikaacha. Kumulika na tochi ya simu, kile kizuizi cha katikati ya tundu na ule mkato wa ramu vimepishana. AM5 inataka DDR5 peke yake, na DDR4 haiingii humo hata uipake mafuta. Muuzaji akaniambia mzigo ukishatoka dukani kwake haurudi. Niliiuza kwa hasara ya laki na ishirini kwa jamaa wa Buswelu, ambaye mpaka leo ananipigia simu kunishukuru. Inauma.

Mtu wa Dar akikosea asubuhi, mchana yuko dukani anagombana. Sisi tunachagua kwa picha na sauti za WhatsApp, kitu kinapanda basi, kinatembea zaidi ya kilomita 1,100, ukikipokea stendi ndiyo kimeshakuwa chako, kizima au kibovu.

Orodha ya sasa hivi: prosesa Ryzen 5 5600, mazabodi B550, ramu 16GB za DDR4, kadi ya picha RX 6600 ya 8GB, SSD (diski ya kuhifadhia) ya 500GB. Kasha ninalo, lilikuja na pawa saplai yake ya wati 600, kwa hiyo hapo nimeokoa. Karibuni.

KAMBALE MKAVU

Prosesa yangu ni hiyo hiyo 5600. Siku tatu skrini nyeusi, nimeshaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo. Kumbe prosesa hiyo haina sehemu ya kutoa picha ndani yake, na mimi waya wa HDMI nimeuchomeka kwenye mazabodi. Fundi akaja, akauhamishia kwenye kadi pale chini, akaomba 5,000 na soda. Hakucheka mbele yangu, nitamheshimu maisha yote.

MTOTO WA MWALONI

Mimi ni muuza dagaa Kirumba, na hela yetu inafuata mwezi. Giza likiingia watu wanaingia ziwani na taa, mbalamwezi ikitoka tumekaa. Kwa hiyo nikajipangia: kila giza kifaa kimoja.

Giza la kwanza nikanunua kadi ya picha, maana ndiyo roho ilikuwa inaililia. GTX 1660 Super ya mtumba. Muuzaji muungwana kabisa, akanipa siku 7 za kuijaribu. Kuijaribu kwenye nini sasa? Nikaifunga kwenye kanga ya mke wangu, nikaitia kabatini. Giza la pili kasha na feni. La tatu mazabodi na prosesa. La nne ziwa lilikuwa gumu, nikala mtaji. La tano ramu na SSD. La sita ndiyo pawa saplai, nikawasha. Feni zote zinazunguka, nikapiga makofi. Picha inatoka ina mistari ya kijani na zambarau kutoka juu mpaka chini, kama kitambaa kilichochujia kwenye beseni. Nikabadilisha waya, nikabadilisha skrini, mistari iko palepale. Memori ya kadi imekufa.

Sasa umwambie nini mtu ambaye siku zake 7 zilipita miezi mitano iliyopita? Niliandika ujumbe mrefu nikaufuta.

Nikianza tena, hela yote inakaa mpaka itimie, nanunua ndani ya wiki moja. Au kama huwezi, kadi iwe ya mwisho kabisa, uichomeke siku ileile inaposhuka kwenye basi. Na anayekuuzia mtumba akutumie video inacheza gemu kwa nusu saa. Picha ya kadi imelala juu ya shuka haikusaidii chochote.

JIWE LA KANDO

Pole sana mkuu. Kadi ulifanyaje?

MTOTO WA MWALONI

Iko kabatini. Kanga mwenyewe aliidai.

DADA WA MKOLANI

Kaka zangu mnahesabu milioni, mimi nilikuwa mwanafunzi nina laki mbili na nusu. Nikapata Dell OptiPlex 9020 iliyokuwa ya ofisi, lile kasha jembamba, prosesa i5-4590, ramu 4GB. Nikasikia watu wanasema ukiongeza kadi tu unacheza. Ni kweli, ila hawakusema kadi ya kimo gani.

Nilichukua GTX 1650. Nilikuwa nimesoma vizuri upande wa umeme: zipo zinazokula wati 75 tu kutoka kwenye tundu lake bila waya wa ziada, kwa hiyo sikugusa pawa saplai. Na ni heri, kwa sababu mazabodi ya hiyo Dell inachukua plagi ya pini 8, wakati pawa saplai za kawaida zina pini 24. Ilivyofika nikafungua kasha, nikaisimamisha kadi kwenye tundu, ikasimama kweli! Imechomoza juu ya kasha kama mtu aliyepanda daladala kichwa kinagusa dari. Kifuniko hakifungi. Nilicheza wiki mbili kasha likiwa wazi, mdogo wangu akadondoshea njugu ndani.

Mwisho nilibadilishana na kijana mmoja wa chuo aliyekuwa na 1050 Ti fupi, akaniongezea 60,000 juu. Nikaongeza kijiti cha ramu ikawa 8GB, na kile kigugumizi cha GTA V kikaisha. Mimi namshauri kila mtu achukue rula ya mtoto wa shule apime kasha lake kwanza: urefu wa kadi, kimo cha kadi, na kimo cha feni ya prosesa. Namba hizo zote watengenezaji huziandika kwenye kurasa zao, sisi ndio hatusomi.

MZEE WA KETE

Si mngenunua PlayStation mkapumzika?

DADA WA MKOLANI

Shikamoo mzee wangu. PlayStation ingeniandikia ripoti ya chuo?

MZEE WA KETE

Marahaba. Nimeishiwa.

FUNDI WA MAKOROBOI

Mimi ndiye ninayeletewa maiti, kwa hiyo niseme kwa upande wa mochwari.

Kuna dogo aliniletea mazabodi ya B450 na Ryzen ya mfululizo wa 5000. Soketi ni moja, AM4, prosesa imekaa vizuri kabisa, lakini haiwaki. Hakuna kilichoharibika: mazabodi ilitoka kiwandani kabla ya prosesa hiyo kuzaliwa, BIOS yake (programu ndogo ya kuiwashia mashine) haiijui. Ikabidi nitafute Ryzen ya zamani ya kuazima, niichomeke, niapdeti BIOS, nitoe, nirudishe ya kwake. Prosesa ya kuazima kuipata mjini hapa ilinichukua siku nne, kazi yenyewe dakika kumi na tano. Mleta mada, hata B550 iliyokaa sana dukani inaweza kukufanyia hivyo. Muulize muuzaji BIOS ni toleo gani, au chukua mazabodi yenye kile kitufe cha kuapdeti kwa flashi bila prosesa.

Kingine ni kadi bandia. Kwenye boksi GTX 1050 Ti, kwenye stika 1050 Ti, hata Windows inasoma 1050 Ti. Mwenyewe analalamika gemu linakwenda kama konokono. Nikaigeuza nyuma nikaona tundu la buluu la VGA, nikajua kabisa. Kadi za kizazi cha 1050 Ti ziliachana na VGA. Ile ilikuwa chipu ya zamani ya GTX 550 Ti iliyoandikwa upya ijifanye mdogo wake. Kuna programu ya bure inaitwa GPU-Z, ukiifungua inaandika neno FAKE mbele ya jina la kadi. Mwambie muuzaji akutumie picha ya hiyo programu ikiwa wazi, akianza kupiga chenga mwache.

Sasa nirudi kwa mleta mada, maana kuna sentensi moja umeipitisha haraka haraka. Hiyo pawa saplai iliyokuja na kasha. Fungua ubavu, tafuta stika yenye jedwali. Usitazame ile namba kubwa ya rangi. Tazama safu ya +12V imeandikwa ampea ngapi, zidisha kwa 12. Huo ndio umeme ambao prosesa na kadi yako watagombania. Ukipata leta hapa.

JIWE LA KANDO

Niko kazini fundi, nikitoka naangalia.

SHEMEJI WA NYAKATO

Tukiwa hapohapo kwenye pawa saplai. Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Marekani, akaniletea mashine nzima aliyokuwa anaitumia. Nikanunua kigeuza plagi dukani, nikachomeka, nikabonyeza. Pa! Moshi, harufu ya nywele zilizoungua, nyumba nzima giza. Nyuma ya pawa saplai kulikuwa na swichi ndogo nyekundu imeandikwa 115. Kule kwao umeme ni volti 120, huku ni 230. Ilitakiwa kusogezwa kwa ncha ya bisibisi tu. Za siku hizi nyingi zinajirekebisha zenyewe, hii ilikuwa ya zamani. Mazabodi ilipona, Mungu mkubwa. Shemeji aliambiwa inafanya kazi vizuri sana.

KIBANDA NANSIO

Natoka Ukerewe, nina kibanda cha gemu karibu na maji. Mashine nne. Naona hakuna aliyegusia kasha, mnachukulia ni boksi tu.

Nilichagua makasha ya kioo ubavuni, mbele wavu, feni zenye mataa ya rangi saba. Lengo kuvuta vijana. Walikuja, sikatai. Lakini ninyi mnaoishi kandokando ya ziwa mnavijua vile vidudu vinavyoinuka juu ya maji kama moshi na kuufuata mwanga. Usiku wa kwanza vilipokuja vilikuta mataa ya ukutani yamezimwa na makasha manne yanawaka kama harusi. Feni zenyewe zinavuta hewa ndani. Nadhani mnaelewa kilichotokea.

Asubuhi mashine moja ikawa inaanza vizuri, baada ya dakika tano gemu linakuwa zito. Nikaangalia joto la prosesa: nyuzi 95. Ilikuwa Ryzen 5 3600, na hapo ndipo mwisho wake, inapunguza mwendo ili isijiunguze. Nikafungua feni ya prosesa. Katikati ya zile bati nyembamba hakuna nafasi, kumejaa kitu cheusi kama dagaa waliosagwa, kimeshikana na vumbi. Nilitoa kwa mswaki na kijiti cha meno, mashine moja saa nzima. Nikapaka pesti mpya, joto likashuka hadi 70 na kitu.

Sasa mataa nimeyazima yote. Mbele ya kila kasha nimebandika kipande cha chandarua, kila Jumapili navua nafua naanika. Kasha langu linalofuata litakuwa lile la bati, baya, lenye chujio la kuchomoa.

Ah, na mleta mada hujataja skrini. Mimi nilipigwa hapo pia: kadi inatoa fremu 140 kwa sekunde, skrini ya 60Hz inaonyesha 60 tu. Zilizobaki umeme nalipia mimi.

KAMBALE MKAVU

"Yanawaka kama harusi" hahaha. Pole kaka.

JIWE LA KANDO

Fundi nimerudi. Nimefungua ubavu. Stika ilikuwa imegeuzwa upande wa ndani, ikabidi nitoe skrubu nne. Mbele kumeandikwa 600W kwa rangi ya dhahabu. Kwenye jedwali, +12V: 17A.

FUNDI WA MAKOROBOI

17 mara 12?

JIWE LA KANDO

204.

FUNDI WA MAKOROBOI

RX 6600 ikikaza inakula wati 132. Hiyo 5600 yako inafika 76. Jumlisha.

JIWE LA KANDO

208. Na feni na SSD bado.

FUNDI WA MAKOROBOI

Na AMD wenyewe kwa kadi hiyo wanataka pawa saplai ya 450 ya kweli. Hebu iinue hiyo mkononi. Nzito au nyepesi?

JIWE LA KANDO

Fundi, simu yangu na chaja yake ni nzito kuliko hii.

MTOTO WA MWALONI

Usimuuzie jamaa wa Buswelu.

JIWE LA KANDO

Orodha ya kumi: SSD nashusha hadi 256GB, mazabodi nashuka B450 yenye kile kitufe cha flashi, pawa saplai wati 550 yenye nembo ya 80 Plus, ile ya kuthibitisha haipotezi umeme mwingi. Prosesa na kadi zinabaki. Skrini nitatumia ya sasa, 60Hz, Kibanda usinicheke. Natuma hela kesho asubuhi, vyote kwa basi moja. Dada wa Mkolani, hiyo rula unapimia kuanzia wapi, kwenye bati la nyuma au kwenye tundu?

DADA WA MKOLANI

Kwenye bati la nyuma kaka, mpaka feni ya mbele.