Mdoli wa dola nusu milioni: nani awajibike, chombo cha habari au msomaji?

Wakuu, habari za wakati huu. Naleta mada hii nikiwa na uchungu, mnivumilie.

Nafanya kazi kwenye duka la vitu vya michango hapa Ohio. Kazi yangu ni kufungua makasha wanayoleta watu, kuchambua vilivyomo na kubandika bei. Kitu kimoja hakijawahi kutuishia: vile vidoli vya kitambaa vyenye punje za plastiki tumboni na lebo nyekundu ya moyo sikioni. Wenyewe wanaviita Beanie Babies. Sisi tunaviuza dola 1, vilivyo safi sana dola 2, na bado rafu haipungui.

Mwaka jana mama mmoja wa kanisani kwetu, Mkongo wa Uvira, alitumiwa habari kwenye kundi la WhatsApp. Ilikuwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, ina picha ya dubu wa zambarau aitwaye Princess na maneno kwamba ukimkuta nyumbani umeshatajirika, thamani yake ni dola 500,000. Wiki ileile jirani yake alikuwa anahama na anauza makasha mawili ya vidoli hivyo, dubu huyo akiwemo. Mama akatoa dola 300 zilizokuwa za kodi ya nyumba. Jumamosi akaja nayo dukani, akaniita pembeni: "Mwanangu, uniambie kweli, hii nitaiuzisha wapi?"

Nilishindwa kumjibu palepale. Najibu hapa.

Dubu Princess alitangazwa Oktoba 1997, miezi miwili baada ya kifo cha Princess Diana wa Uingereza, na mapato yake yalikwenda kwenye mfuko wa kumbukumbu yake. Mwanzoni maduka yalipewa wachache sana, dazeni moja moja, watu wakapigania. Baadaye kampuni ikatengeneza kwa wingi mkubwa, na ndiyo maana hadi leo yumo karibu kila kasha la midoli linaloletwa kwetu. Ukienda eBay, lile soko la mtandaoni, ukaandika jina lake utaona mtu ametaja dola 10,000, mwingine 100,000, mwingine nusu milioni. Kutaja bei pale hakuhitaji ushahidi wowote. Hata mimi naweza leo kuweka kijiko changu cha chai nikataja milioni. Lakini palepale kuna kitufe cha kuonyesha vitu vilivyokwisha kuuzwa. Ukikibonyeza, dubu yuleyule anaondoka kwa bei ya chakula cha mchana.

Sisi tuliokulia Kariakoo hili hatuhitaji kufundishwa. Mwenye duka anataja elfu hamsini, unacheka, unageuka, anakuita, mnapatana elfu kumi na nane. Sasa fikiria mwandishi anapita pale, anasikia "elfu hamsini", anakimbia kuandika kwamba shati Kariakoo lina thamani ya elfu hamsini. Hicho ndicho kinachofanyika, na anayefanya analipwa mshahara wa uandishi wa habari.

Na hata hiyo orodha ya vilivyouzwa ina mitego yake. Mnunuzi anaweza kubonyeza na asilipe kabisa, lakini ile bei ikabaki inaonekana. Kuna pia bei iliyopigwa mstari katikati, maana yake muuzaji alikubali pungufu ya alichotaja, na pungufu yenyewe haionyeshwi. Mwandishi mvivu anachukua ile yenye mstari.

Kinachoniudhi zaidi ni hadithi ya makosa ya uchapaji. Habari hizi hupenda kusema tafuta lebo iliyokosewa: "Gasport" badala ya Gosport (jina la mji wa Uingereza), "Origiinal" yenye i mbili, "Suface" isiyo na r. Jamani, makosa hayo yalichapwa kwenye lebo nyingi mno. Kosa linalopatikana katika kila kasha si adimu. Nimeona wazee wakiketi sakafuni dukani kwetu na miwani ya kusomea, wakigeuza lebo moja baada ya nyingine, asubuhi nzima.

Isitoshe, hii ni mara ya pili kwa vidoli vilevile. Ty Warner alivianza 1993, vikiuzwa dola 5 hivi. Kampuni yake ilikuwa ikitangaza kwamba mdoli fulani "amestaafu", hatatengenezwa tena, na bei mitaani inapaa. Vitabu vya bei vya 1998 vilifika mahali pa kuchapisha makadirio ya bei za 2008, miaka kumi mbele, kama utabiri wa mvua, na watu wakanunua kwa kuvitegemea, wengine wakisema ndiyo ada ya chuo ya watoto. Mwaka 1999, huko Las Vegas, wanandoa walioachana waliamriwa na hakimu kugawana vidoli hivyo mahakamani, wakachuchumaa sakafuni wakichagua kimoja kimoja, picha ikazunguka dunia. Mwaka huohuo kampuni ikatangaza kustaafisha vyote kwa mpigo, kisha ikaitisha kura, na utengenezaji ukaendelea. Bei zikaporomoka muda si mrefu. Wazee waliobaki na makasha ya wakati ule ndio wanaoniletea leo, na vichwa hivi vya habari vinawafufulia tumaini ambalo walishalizika.

Kwa hiyo msimamo wangu: chombo cha habari kinachochapa bei ya mdoli kitaje mauzo yaliyolipwa, tarehe yake na hali ya mdoli. Kikikosa hayo, kisitumie neno "thamani" kabisa. Karibuni tujadili.

NYONGEZA, baada ya kusoma michango yenu:

Mkuu uliyesema "kila mtu ana simu, ajitafutie", nimekuelewa, lakini huyo mama alijitafutia. Aliandika jina la dubu, akaletewa habari nyingine kumi zinazosema vilevile, maana zinanakiliana. Angetafuta zaidi ya hapo vipi? Kujua kwamba kuna kitufe cha vilivyouzwa ni maarifa ya biashara. Gazeti lingeweza kumpa maarifa hayo kwa sentensi moja.

Dada uliyenikumbusha kwamba ipo midoli yenye thamani kweli, umenena haki na sikatai. Mwaka 2024 mfano wa kiwandani wa mdoli wa Boba Fett, mhusika wa filamu za Star Wars, yule wa kurusha roketi, uliuzwa kwa mnada Marekani kwa dola 525,000. Lakini tazama ni kitu gani. Ni sampuli ya Kenner, kampuni ya midoli, ya mwaka 1979 ambayo haikuwahi kufika dukani, kwa sababu kampuni iliogopa roketi ile ingemkaba mtoto. Waliomwagiza kwa posta walipewa mwenye roketi iliyogandishwa, isiyoruka. Hata katika hivi vya Ty, tembo Peanut wa buluu iliyokolea, wa 1995, anatafutwa na wakusanyaji kwa kuwa walitengenezwa wachache kabla rangi haijabadilishwa kuwa buluu ya mpauko. Huyo akithibitishwa na wataalamu anapata pesa ya maana. Mimi sijawahi kumkuta kwenye kasha hata mara moja, ila picha yake huwekwa juu ya habari inayohusu dubu wa dola 2, na msomaji anadhani ni mamoja.

Na kwa kaka aliyeuliza kama nataka serikali ziwafunge midomo waandishi: la hasha, tumeona sheria za namna hiyo zinavyoishia. Natazama Uingereza, ambako habari hizi za vidoli hupendwa sana na magazeti. Kanuni ya wahariri inayosimamiwa na IPSO, chombo cha kusimamia magazeti huko, kifungu chake cha kwanza kabisa, inakataza kichwa cha habari kisichobebwa na habari yenyewe, na inataka kosa kubwa lisahihishwe upesi na mahali panapoonekana. Ile habari ya mama yetu, aya ya saba ilikiri kwamba bei "imetajwa na muuzaji". Kichwa kilisema "ina thamani". Hapo kanuni ipo tayari, kinachokosekana ni wasomaji wa kulalamika. Nilimwandikia mhariri wa tovuti ya Kiswahili iliyochapa habari ile mara mbili, nikampelekea na picha za vilivyouzwa. Sijajibiwa, na kichwa bado kipo.

Nimemsaidia mama kuuza kimoja kimoja. Hadi jana amepata dola 41. Kasha la pili hatujalifungua.

Naomba aliyewahi kumlalamikia mhariri juu ya habari ya namna hii, akasikilizwa, atueleze aliandikaje.