Naomba ushauri: cheti kinasoma D (62), nifike C kwa njia ipi?

Wakuu, naomba msaada wa wanaovifahamu vyeti vya ufanisi wa nishati majumbani huko Uingereza. Nyumba ni ya matofali, kuta mbili zenye uwazi katikati. Cheti cha 2017 kina alama 62, yaani daraja D. Daraja C, lililo bora zaidi, linaanzia 69.

Nimepekua rejista ya umma kwa msimbo wa posta. Nyumba za mtaa huohuo, za umri na umbo lilelile, nyingi ni C. Tofauti kubwa iko kwenye ukuta: kwao umeandikwa umejazwa (uwazi wake umetiwa kizuia joto), kwangu "haujajazwa (kadirio)". Hilo kadirio ndilo linanitia shaka. Mkaguzi asipopata ushahidi hufuata umri wa jengo tu, na ukuta huenda ulishajazwa zamani. Je, picha za kamera ndogo iliyopitishwa kwenye tundu la ukuta zinatosha, au atadai hati ya fundi aliyejaza?

Darini kuna sufi ya kuzuia joto lisipotee, unene milimita 100. Nataka kulaza nyingine ya 170 kukingama na maboriti ifike 270, nikiacha wazi njia ya hewa pembezoni mwa paa, maana ikizibwa mbao huota ukungu. Hapo sina wasiwasi.

Kinachonisumbua zaidi ni kupimwa upya. Tangu Juni 2025 ukokotoaji umebadilika, na madirisha sasa hupimwa moja moja. Kuna aliyeona alama zikishuka bila nyumba kuguswa? Cheti cha sasa bado ni halali hadi 2027.