Gundi ipi ya koni ya spika: ya mbao, ya viatu au supaglu?

Mwalimu wa Kwaya, Kakamega
Hamjambo mafundi. Spika ya inchi 10 ya kwaya yetu imemomonyoka sponji ya ukingo, na koni yake ya karatasi ina ufa wa takriban sentimita 4. Ukingo mpya ninao, pamoja na gundi nyeupe ya mbao, gundi ya viatu ya manjano na supaglu. Ni ipi itakayoshika bila kuacha michirizi? Mara ya mwisho nilipojaribu, koni ilionekana kama iliyomwagikiwa uji.

Fundi wa Kondele
Mwalimu, chukua gundi ya mbao. Inakupa dakika kadhaa za kusogeza ukingo mpaka ukae katikati, ile inayofurika unaipangusa kwa kitambaa chenye unyevu, na ikishakauka haionekani sana. Kwanza kwangua mabaki ya sponji kwa upole, ukiyalainisha kwa spiriti kidogo, kwa sababu gundi iliyopakwa juu ya masizi ya sponji kuukuu hubanduka nayo. Kisha jaza gundi katika bomba la sindano uliloliondolea sindano, tuliza mkono mahali pamoja, na uzungushe spika yenyewe huku ukitoa uzi wa gundi wa milimita 2 au 3. Kidole kisiguse gundi kabisa. Hapo ndipo uji wako ulipoanzia.

Wa Bondeni, Nakuru
Mimi natofautiana. Gundi ya viatu naipaka pande zote mbili kwa brashi nyembamba, nasubiri mpaka isinate kidoleni, halafu nabandika, na kazi imekwisha. Aidha, kwa ukingo wa mpira au koni ya plastiki, gundi ya mbao hubanduka kama ganda la kitunguu.

Fundi wa Kondele
Kuhusu mpira na plastiki sina ubishi. Lakini hii ni karatasi na sponji, na gundi ya viatu ikishashika ukingo ukiwa umekaa upande, hakuna kurekebisha tena, na koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya koni, itakwaruza sumaku kila besi inapopiga. Tena huvutika kama mrenda, na kila uzi unaodondoka juu ya koni huacha alama.

Jirani wa Ahero
Supaglu iweke mbali. Hukauka ikawa ngumu na kavu, ilhali koni hutetemeka mamia ya mara kwa sekunde, hivyo karatasi hupasuka upya kando ya kiraka. Isitoshe, mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye karatasi nyeusi. Kwa ule ufa, fungua kifuko cha majani ya chai, kata karatasi yake, na uibandike kwa nyuma kwa gundi ya mbao iliyochanganywa na maji kidogo.

Mwalimu wa Kwaya, Kakamega
Na mvua hizi za kila alasiri, itakauka kweli?

Fundi wa Kondele
Itachelewa tu. Kabla haijashika, sukuma koni taratibu kwa vidole vya mikono miwili, ukisikiliza kama kuna mkwaruzo, kisha uiache saa 24 bila kuipigia hata wimbo mmoja, na kama hewa ni nzito, siku mbili.

Mwalimu wa Kwaya, Kakamega
Nimeweka kiraka cha chai leo, kwa nyuma. Ukingo utasubiri Jumamosi, nikishapata bomba la sindano kwenye duka la dawa.