Naombeni ushauri: Canon 2000D iliyotumika inamfaa anayeanza, au nitajuta?

Nuru_Taswira
Habari zenu wakuu. Nimepiga picha kwa simu miaka 3 sasa. Mwezi uliopita rafiki yangu aliniomba nimpigie kwenye sherehe yake. Za mchana nje zilitoka vizuri sana. Za ukumbini usiku nimeshindwa kumkabidhi mpaka leo: nyuso zimejaa chenga, na kila aliyekuwa akicheza ametoka kama moshi. Imeniuma, maana usiku ule haurudi.

Nimepata mtu anayeuza Canon EOS 2000D iliyotumika, na lenzi yake ya 18-55 (zumu ya milimita 18 hadi 55). Nitapiga watu, sherehe za ndani, na mara mojamoja video za mahojiano. Kaka yangu aliniachia flashi ya kurekebisha kwa mkono pamoja na triga zake za redio (za kuiwasha ikiwa mbali na kamera), natamani nizitumie. Muuzaji ameshanisifia vya kutosha. Nyinyi niambieni udhaifu wake. Natanguliza shukrani.

Mdau_wa_Lenzi
Karibu jamvini dada. Hiyo kamera ninayo tangu 2019, nitakueleza ninavyoijua.

Picha zake ni nzuri. Sensa ya megapikseli 24 ni kubwa mara nyingi kuliko ya simu, na ukipiga RAW (faili ghafi lisilobanwa na kamera) unaweza kuokoa uso uliotoka na kivuli bila kuharibu rangi. Betri hunifikisha kwenye picha 500 hivi nikichungulia kwenye kitundu. Nikitumia skrini inakwisha mapema zaidi, kwa hiyo nunua ya pili. Vitufe vyake ni vichache, utavizoea ndani ya wiki.

Udhaifu sasa. Ina pointi 9 tu za kufokasi, na ya katikati ndiyo ya kutegemea, hasa gizani. Mimi huweka hiyo moja, nafokasi jichoni, nashikilia kitufe nusu, kisha napanga picha. Inapiga picha 3 kwa sekunde, kwa hiyo mtu akiruka, lenga wakati wake kwa jicho lako, usitegemee kubonyeza mfululizo. Skrini haikunjuki wala haiguswi. Na ukirekodi video, fokasi inatafutatafuta huku na huku hadi mtazamaji anachoka. Video ni 1080p, haina 4K, na haina tundu la maikrofoni ya nje.

Bi_Mwanga
Naomba niingilie hapo kwenye picha za ukumbini, kwa sababu nahofia dada atanunua kamera na chenga zitabaki palepale.

Tatizo lako kubwa usiku ule lilikuwa mwanga, na lenzi ya 18-55 haitakutoa. Ukivuta zumu hadi 55, tundu lake linafika f/5.6 tu (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa). Lenzi ya 50mm f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara 10 ya huo. Maana yake pale ambapo 18-55 inakulazimisha uweke ISO 6400 (ISO ni wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ikipanda chenga huongezeka), hii unapiga kwa ISO 640 hivi, kwa kasi ileile. Hakuna kamera ya bei yoyote utakayobadilisha ukapata tofauti kubwa kiasi hicho kwa gharama ndogo namna hiyo.

Ila kuna jambo la kujua. Sensa ya 2000D ni ndogo kuliko fremu ya filamu, kwa hiyo 50mm inaona kama 80mm. Kwa uso wa mtu mmoja ni tamu mno. Kwa familia ya watu wanane chumbani, mgongo wako utagusa ukuta na bado hawatatosha. Hapo 24mm f/2.8 ya Canon inasaidia zaidi, nayo ni nyembamba kama kifuniko.

Na ukifungua f/1.8 kwa watu wawili waliosimama mmoja mbele mmoja nyuma, mmoja atatoka na ukungu. Rudi f/2.8 au f/4. Nimewaharibia watu picha kabla ya kulielewa hilo, sitaki nawe upitie hapo.

Zamani_Filamu
Kabla ya kutoa hela, tazama maandishi kwenye mdomo wa hiyo 18-55. Yapo matoleo mawili yanayouzwa na 2000D: yenye herufi IS na isiyo nayo. IS inatuliza mtetemo wa mkono. Isiyo na IS, ukishuka chini ya 1/60 ya sekunde mkono wako utaonekana kwenye picha. Lakini ujue IS haimzuii anayecheza asitoke moshi. Huyo anahitaji kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga), 1/200 kwenda juu, au flashi.

Asili_Nikon
Mimi ningemwambia atafute Nikon D3500 iliyotumika. Ni ya 2018 kama hiyo 2000D, megapikseli zilezile 24, lakini ina pointi 11, picha 5 kwa sekunde, na betri yake imepimwa picha 1,550 kwa chaji moja. Nimepiga sherehe mbili mfululizo bila kuchaji. ISO inapanda hadi 25,600, ingawa mimi sivuki 6,400.

Udhaifu wake siufichi. Haina Wi-Fi, ina Bluetooth tu, na picha zinazojituma zenyewe kwenye simu ni zile ndogo za megapikseli 2. Haina tundu la maikrofoni, sawa na Canon hiyo. Na haina mota ya kufokasi ndani yake, kwa hiyo ukinunua lenzi hakikisha imeandikwa AF-S au AF-P. Ukichukua 50mm f/1.8D ya zamani kwa kuona ni rahisi, utafokasi kwa mkono maisha yako yote.

Mbele_Daima
Wakuu, kwa nini mnamtafutia DSLR (kamera yenye kioo ndani, kama hizo mbili)? Baada ya 2020 Canon na Nikon hazijatoa DSLR mpya hata moja. Nguvu zote zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo. Huko fokasi inamfuata mtu jichoni mwenyewe, video hazina shida, na picha unaiona ilivyo kabla hujabonyeza.

Bi_Mwanga
Mbele_Daima, yote uliyosema ni kweli, na kama angekuwa na bajeti hiyo ningekuunga mkono. Ila kwa fedha ya bodi (kamera bila lenzi) moja isiyo na kioo anapata DSLR, lenzi ya f/1.8 na betri ya akiba. Na lenzi hizo hazipotei: za EF (za DSLR) za Canon zinavaa kwenye kamera mpya za R (zisizo na kioo) kwa adapta, fokasi inafanya kazi kama kawaida.

Fundi_Shata
Jamani, mbona flashi ya kaka yake imepitwa na kila mtu?

Dada, 2000D haina kile kidoti cha chuma cha katikati pale juu pa kuchomeka flashi. Canon walikiondoa. Flashi za Canon zenyewe zinawasiliana kwa pini nyingine, zinawaka. Flashi za mkono na triga nyingi za redio zinategemea kidoti hicho kimoja tu. Ukizichomeka hapo hazitawaka, na utadhani zimekufa. Nimeletewa triga nzima kabisa "nizitengeneze" kwa sababu hii, zaidi ya mara moja. D3500 kidoti inacho.

Ukienda kukagua, nenda na memori kadi yako na hizo triga. Piga ukuta mweupe kwa f/22, kisha kuza picha: madoa meusi yanayojirudia sehemu ileile ni vumbi kwenye sensa. Fungua sehemu ya betri uangalie kutu. Idadi ya picha zilizopigwa, Nikon huiandika ndani ya faili la picha na tovuti nyingi zinaisoma. Canon za daraja hili haziiandiki, kwa hiyo usitegemee neno la muuzaji, tazama mpira wa kushikia na vitufe vilivyolika.

Nuru_Taswira
Wakuu nimerudi. Jana nilikwenda na triga mfukoni. Kidoti hakuna kweli, pale katikati ni plastiki tupu. Nilichomeka hivyohivyo, flashi haikuwaka hata mara moja. Nikageuza lenzi, haina IS. Muuzaji mwenyewe alishangaa, nadhani hakuwa akijua.

Sikununua. Fundi_Shata, Mungu akubariki, ningelia peke yangu ndani.

Sasa nimepata D3500 kwa mtu mwingine. Nilisoma faili la picha moja, imepiga 8,214. Kinachonikwamisha ni sauti ya mahojiano.

Asili_Nikon
Idadi hiyo ni ndogo, chukua. Sauti rekodi kwa simu: iweke kwenye mfuko wa shati wa anayehojiwa, na maikrofoni ya kubana kwenye kola. Mwanzoni apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kuhariri unalinganisha kofi la video na kofi la sauti, vinakaa pamoja. Kamera iweke kwenye stendi, fokasi jichoni, kisha uzime fokasi ya kujiendesha ili isitafutetafute.

Mdau_wa_Lenzi
Nami nina Canon lakini nakwambia chukua hiyo. Lenzi anza na 35mm f/1.8 ya AF-S DX. Kwenye D3500 inaona kama 52mm, chumbani utapumua.

Nuru_Taswira
Nimeichukua leo asubuhi. Triga imewaka mara ya kwanza. Hiyo 35mm itasubiri mwezi ujao, kwa sasa nina 18-55 yenye VR (IS ya Nikon) na flashi ya kaka. Jumamosi kuna sherehe nyingine ya ndani. Bi_Mwanga, nikielekeza flashi juu kwenye dari jeupe, nianze na ISO ngapi?

Bi_Mwanga
Anza 800, f/5.6, 1/125, flashi robo ya nguvu. Uso ukiwa na giza, ongeza flashi. Ukumbi nyuma yake ukiwa na giza, ongeza ISO. Fika nusu saa kabla ya watu, mwombe mtu asimame pale watakapokaa wenye sherehe, upige hadi uridhike.